Usitupe mbachao: gari la marehemu baba na kanda zake za alumini

Wahenga walituachia methali mbili ambazo ukiziweka katika chumba kimoja zitagombana. Ya kwanza yasema kipya kinyemi ingawa kidonda. Ya pili yatuonya tusitupe mbachao kwa msala upitao. Ile ya kwanza yaeleza binadamu alivyo, na hii ya pili yaeleza anavyofaa awe. Hebu jitazame nyumbani mwako hapo ulipo: ni vitu vingapi ulivyovitoa mlangoni kwa sababu tu vilipoteza mng'aro, wala si kwa sababu vilikuwa vimekufa?

Leo nataka nikusimulie juu ya mbachao mmoja wa kwetu Isiolo. Ni gari, Volkswagen 1300 ya mwaka 1968, zile zenye mgongo wa mviringo kama kobe na injini nyuma. Lakini sitazungumza sana juu ya injini. Nitazungumza juu ya vipande tisa vyembamba vya alumini vilivyolipamba gari hilo ubavuni, na jinsi vilivyotugawanya sisi watoto wa mama mmoja, kisha vikatufunza jambo.

Wasomaji wetu vijana huenda wasielewe gari hilo lilikuwa nini katika nchi hii. Volkswagen ndiyo iliyoshinda mashindano ya Safari mwaka 1954, ikashinda tena mwaka 1957 na mwaka 1962, enzi ambazo barabara zetu zilikuwa tope wakati wa masika na vumbi wakati wa kiangazi. Injini yake hupozwa kwa hewa, kwa hivyo haina rejeta ya kuvuja maji katikati ya nyika. Viwanda viliendelea kuliunda gari hilo hadi tarehe 30 Julai 2003, siku ambayo la mwisho lilitoka katika kiwanda cha Puebla nchini Mexico, baada ya zaidi ya magari milioni 21 kuundwa.

Marehemu baba alikuwa muuguzi wa serikali. Alilinunua gari hilo likiwa tayari limetumika. Kwa miaka mingi lami ya kutoka Nairobi ilikomea Isiolo, na kutoka hapo kwenda Marsabit na Moyale msafiri alikula vumbi mchana kutwa. Leo lami inafika hadi Moyale, na kijana wa sasa hupita Isiolo bila hata kuteremka kunywa chai. Lakini wakati ule mji wetu ulikuwa mlango, na nyumba ya muuguzi mwenye gari ilikuwa haifungwi usiku. Watu waligonga dirisha saa nane, saa tisa, na baba akavaa koti akatoka.

Baba alifariki mwaka 2009. Tangu siku ile gari likabaki chini ya mgunga, nyuma ya nyumba ya mama huko Bulapesa. Magurudumu yakaisha pumzi. Kuku wakataga kwenye kiti cha nyuma. Zile kanda za alumini, ambazo baba alizipangusa kila Ijumaa jioni, zikawa nyeupe kama maziwa yaliyochacha, zenye vidoti vyeusi na mikwaruzo.

Ubishi wa ndugu wawili

Mwishoni mwa mwaka 2021 mnunuzi wa vyuma chakavu alipita mtaani na mkokoteni wake. Alilizunguka gari mara mbili, akagonga milango, akataja bei kwa uzani. Kisha akasema kwamba zile kanda zing'olewe zipimwe kando, maana alumini hununuliwa kwa bei ya juu kuliko chuma.

Kaka yangu mkubwa aliafiki. Nawe usimwone kuwa mtu mbaya. Yeye ndiye aliyetulipia karo baba alipofariki, na alikuwa na hoja. Mpwa wetu, mtoto wa dada yetu, alikuwa amemaliza kidato cha nne na kukaa nyumbani karibu mwaka mzima. Alama zake hazikumfikisha chuo kikuu. Asubuhi alilala, alasiri alikaa na wenzake kibandani wakitafuna miraa hadi usiku. Kaka alitaka fedha za gari ziwe malipo ya kwanza ya pikipiki ili kijana aingie katika kazi ya bodaboda.

"Hili ni bati tu," alisema kaka. "Mtoto anataka kazi, hataki makumbusho."

Mama hakujibu. Aliinuka akaingia jikoni, na sisi tuliomzoea tukajua kwamba hajakubali.

Ikawa, kabla mnunuzi hajarudi na lori, mwezi Januari 2022 Rais wa wakati huo, Uhuru Kenyatta, alipiga marufuku biashara ya vyuma chakavu nchini kwa sababu ya uharibifu wa milingoti na nyaya za umeme pamoja na mali nyingine ya umma. Marufuku hiyo iliondolewa mwezi Mei. Kwa muda wa miezi hiyo gari letu likawa haliuziki hata kama tungetaka. Na ndipo nilipompeleka yule mpwa wangu kwa fundi mmoja mzee wa kunyoosha bodi za magari, karibu na soko, nikamwomba ampe la kufanya.

Yule mzee alimtazama kijana kutoka kichwani hadi miguuni, akamwambia, "Kijana wangu, niletee ukanda mmoja wa gari la babu yako. Mmoja tu. Ukiuvunja, usirudi."

Kwa nini alumini hufifia

Kabla sijaendelea, msomaji, yafaa ujue tabia ya madini haya, maana hata sufuria iliyo jikoni mwako ni ndugu yake.

Alumini ni nyepesi, uzito wake ni kama thuluthi moja ya chuma cha ukubwa uleule. Watu waliijua tangu mwaka 1825, lakini ilikuwa ghali kupindukia hadi mwaka 1886, wakati Charles Hall wa Marekani na Paul Héroult wa Ufaransa, kila mmoja kivyake, walipogundua njia ya kuitenga kwa nguvu za umeme. Haishiki kutu ya rangi nyekundu kama chuma. Ikikutana na hewa hujivika ngozi nyembamba mno, isiyoonekana kwa macho, na ngozi hiyo ndiyo huizuia isiliwe zaidi.

Kiwandani, mapambo ya magari huongezewa ngozi hiyo. Kipande hutumbukizwa katika asidi na kupitishiwa umeme, ngozi ikawa nene kuanzia sehemu 5 hadi 25 hivi za elfu moja za milimita. Kazi hiyo huitwa anodaizi. Ngozi hii ndiyo iliyolinda mng'aro wa kanda za baba kwa miaka mingi. Lakini nayo huzeeka. Jua huichosha, mchanga huikwaruza, na mahali ilipopasuka unyevu huingia chini yake. Tena vibanio vinavyoushika ukanda kwenye bodi ni vya chuma, na alumini ikigusana na chuma penye unyevu, alumini ndiyo huliwa. Ndiyo maana ukigeuza ukanda mkuukuu utakuta unga mweupe umejaa hasa mahali pa vibanio.

Hapa ndipo wengi hukwama. Huchukua kitambaa na Brasso, wakasugua mpaka mabega yakauma, na ukanda ukabaki mweupe vilevile. Sababu ni kwamba ngozi ile ni ngumu kuliko alumini yenyewe. Ajabu ni kwamba ni dutu ileile inayotumika kutengeneza aina nyingi za msasa! Basi huwezi kuing'arisha alumini mpaka uiondoe kwanza ngozi iliyochoka.

Kazi yenyewe

Fundi alianza kwa kumfunza kijana kutambua. Alimpa sumaku. Bampa ilinasa sumaku, na vikombe vya magurudumu vilinasa, kwa kuwa hivyo ni chuma kilichopakwa kromu, navyo havifai kupigwa msasa, maana ukiimaliza kromu umekaribisha kutu. Zile kanda saba za boneti, milango na mbavu hazikunasa, wala mbili za ubao wa kukanyagia. Hizo ndizo alumini.

Kisha kuzitoa. Ukanda wa alumini ukivutwa upande mmoja hupinda, na kovu hilo halifichiki. Kijana alifunga mpini wa kijiko kwa kitambaa, akausukuma nyuma ya ukanda penye kibanio cha kwanza, akakilegeza, akaenda cha pili, hivyo hivyo hadi mwisho. Ukanda wa kwanza ulimchukua asubuhi nzima. Aliporudi nao kwa fundi ukiwa umenyooka, mzee hakumsifu. Alimpa wa pili.

Penye mbonyeo, fundi alichonga mfereji katika gogo gumu, ukanda ukalazwa humo kifudifudi, akagonga kutoka nyuma kwa kijiti butu, polepole. Mahali palipokunjamana sana palitaka moto, na hapo nikajifunza jambo ambalo sikulijua. Alumini haiwi nyekundu kabla ya kuyeyuka. Hufika nyuzi 660 za Selsiasi ikiwa na sura ileile, kisha ghafla ikaanguka chini kama uji. Kwa hiyo mzee alipaka sabuni ya kipande mahali pale, akaupitisha moto mdogo kwa mbali. Sabuni ilipogeuka rangi ya kahawia iliyokolea karibu na weusi, aliondoa moto. Sabuni ndiyo kipimo chake. Madini yakapoa, yakawa laini, yakakubali kunyooshwa.

Sasa ngozi. Kwa kazi hii fundi alitumia kostiki soda, ile inayotumika kutengenezea sabuni, na wazazi mnaosoma hapa naomba mnisikilize vizuri. Dawa hii hula nyama ya mkono na hupofusha macho. Haiguswi na mtoto, haiwekwi katika chupa ya soda, na haichanganywi ndani ya nyumba. Huvaliwa glavu na miwani. Chombo huwa ni ndoo ya plastiki, kamwe si sufuria ya alumini, kwani itatobolewa. Maji baridi hutangulia, kisha soda hunyunyizwa ndani yake kidogo kidogo. Ukimwaga maji juu ya soda yatachemka yakurukie usoni. Vijiko viwili vya chai katika lita moja vilitosha, kwa mtu mwenye subira.

Mwanzoni utadhani hakuna linalotendeka, kwa kuwa ngozi huyeyuka kimya. Ukiona mapovu madogo yameanza kutoka kote, jua ngozi imekwisha na dawa imeanza kuila alumini yenyewe. Toa mara moja. Mapovu hayo ni hidrojeni, gesi inayowaka, kwa hivyo kazi ni ya nje penye upepo na hakuna kuvuta sigara. Ukanda hutoka umepiga weusi. Usife moyo. Huoshwa kwa maji mengi, ukapanguswa kwa siki, ukaoshwa tena, na weusi ukaondoka.

Ndipo msasa ulipoanza. Namba 320 kwa vidoti vilivyozama, halafu 400, 600, 800, 1000, 1500 na 2000, wote wa maji, daima kwa kufuata urefu wa ukanda. Kila namba kazi yake ni kufuta mikwaruzo ya namba iliyotangulia. Ukiruka moja, mikwaruzo itakusubiri mwishoni ikucheke. Misasa ya juu haikupatikana mjini wiki hiyo, ikabidi kijana apande matatu hadi Meru, mwendo wa kilomita 50 hivi, kuitafuta. Mwisho ni kitambaa laini cha pamba na dawa ya kung'arishia. Kitambaa kikawa cheusi, na weusi huo ndio alumini inayotoka. Usiogope. Endelea.

Nilipita hapo siku ya nne. Mpwa wangu alikuwa ameinama juu ya ukanda wa mlango wa dereva. Alinyanyua kichwa akasema, "Mjomba, njoo uone meno yako." Nikainama nikajiona. Ni muda mrefu ulikuwa umepita tangu kijana yule aniite kunionyesha kitu.

Ukanda wa tisa

Kazi iliendelea wiki baada ya wiki, kanda nane zikawa tayari. Ikabaki ile ya ubao wa kukanyagia, upande wa abiria. Hiyo ndiyo iliyochakaa kuliko zote. Mistari yake ilikuwa imelika ikawa bapa katikati, na ukingo umepinda chini kidogo. Fundi alisema anaweza kuunyoosha, ila itabidi atumie tupa na apunguze madini mengi.

Mama alipoambiwa alitoka nje, akauchukua ukanda mkononi, akaupitisha kidole pale palipolika.

"Hapa pamekanyagwa na watu," alisema. "Wanawake wenye uchungu wa kuzaa walishika mlango wakakanyaga hapa. Mama yako," akamwambia mjukuu wake, "alikanyaga hapa usiku wa kukuzaa wewe, babu yako akamkimbiza hospitali. Oshe, nyanya, lakini usipafute."

Kijana hakusema neno. Aliuosha kwa maji na sabuni, akautoa unga mweupe wa nyuma, akaupaka nta, akaurudisha mahali pake ukiwa umechakaa vilevile. Ukienda leo utauona, kanda nane zinameta na mmoja hauna haya.

Nimelifikiria sana neno la mama. Kuna uchakavu unaotokana na kutelekezwa, kama ule weupe wa chini ya mgunga, na huo ni haki yake kuondolewa. Na kuna uchakavu unaotokana na kutumika, na huo ni ushahidi. Mwenye busara hutenganisha huu na ule kabla ya kushika msasa. Nadhani hata kwa wazee wetu, na hata kwa ndoa zetu, kanuni ni hiyo.

Je, kaka yangu alikosea? La hasha. Marufuku ilipoondolewa mwezi Mei mnunuzi alirudi, na kaka akauliza kwa haki kabisa: kanda zimeng'aa, je, zinaliwa? Gari hilo hata halijawashwa. Jibu lake halikutoka kwangu. Kijana mwenyewe alimwambia kwamba fundi amekubali kumweka kibandani kama mwanafunzi, na kwamba mwenye gari moja la zamani kutoka Nanyuki ameona kazi yake na kumletea kanda zake. Malipo yalikuwa madogo. Kaka aliyahesabu, akayarudisha mkononi mwa kijana, akasema, "Basi pikipiki ingoje." Hakusema kwamba ameshindwa, na hakuna aliyemtaka aseme. Siku hizi yeye ndiye humnunulia mpwa wetu msasa anapokwenda Nairobi, ingawa bado husema lile gari ni bati.

Wala sitaki nikudanganye kwamba kijana ametajirika. Baadhi ya miezi kazi ni haba, na jioni moja moja bado utamkuta kibandani na wenzake. Lakini asubuhi anaamka. Mzazi mwenye kijana wa rika hilo anajua uzito wa sentensi hiyo.

Kabla hatujaagana, nikupe machache ya kutumia nyumbani kwako. Alumini iliyong'arishwa bila anodaizi haina ngao nene, kwa hiyo ipake nta ya gari kila baada ya miezi michache. Usiipanguse ikiwa kavu na yenye vumbi, kwa sababu vumbi letu ni mchanga, nao utaikwaruza. Mwaga maji kwanza. Ikiwa unakaa Mombasa au Lamu, penye hewa ya chumvi, ioshe mara nyingi zaidi. Na kabla ya kurudisha ukanda, vipake vibanio grisi kidogo ili chuma kisigusane na alumini penye unyevu.

Nawe mwanafunzi uliyemaliza shule na kuambiwa kwamba alama zako hazitoshi, ulizia mtaani kwenu ni mzee gani ana ujuzi unaokaribia kuzikwa naye. Nenda ukamwombe akupe ukanda mmoja. Na wewe mzazi, kabla ya mwenye mkokoteni kutaja bei, geuza kile kitu kizee uangalie upande wa nyuma. Mara nyingi weupe ni wa juu tu.